Mlango wa Uani

Folda ilikuwa ya picha za mahafali. Wahitimu ndani ya majoho, akina mama na khanga zao, mgeni rasmi akikabidhi vyeti huku jasho likimtiririka. Picha mia mbili na ushei, zote na yale majina ambayo kamera hujipangia yenyewe: herufi tatu, kistari, tarakimu nne. Saa saba usiku, nikizipitia moja moja, nilifika kwenye faili lenye herufi zilezile na tarakimu zinazofuatana na za wenzake, ila mwishoni, pale ambapo mengine yote yaliandikwa jpg, lenyewe liliandikwa php, alama ya programu. Picha zile zilikuwa na uzito wa megabaiti mbili, tatu. Faili hili halikufikisha hata baiti mia moja.

Nikalifungua. Ndani mlikuwa na mstari mmoja. Kwa Kiswahili mstari huo unaiambia seva hivi: akija mtu mwenye neno hili la siri, lolote atakalokuagiza, litekeleze.

Mafundi kitu hiki tunakiita webu sheli. Asiyeijua kazi yetu asidhani ni sheli ya mafuta. Sheli ya kompyuta ni ule uwanja mweusi ambamo fundi huandika amri na mashine ikatii, na webu sheli ni uwanja huohuo uliofichwa ndani ya tovuti, ukimsubiri mwizi aufungue kutoka popote alipo duniani kwa kivinjari chake tu. Hahitaji kuvunja kitu tena. Alishavunja mara ya kwanza, pengine kupitia fomu ya kupakia picha ambayo haikuuliza kama kinachopakiwa ni picha kweli, au plagini iliyozeeka, yaani kipande cha programu kilichoongezwa kwenye tovuti, au nywila ya msimamizi iliyokuwa jina la chuo na mwaka. Akishaingia anaacha faili lake na kuondoka kwa utulivu. Kuanzia hapo ana mlango wa uani. Nyinyi mnakesha mkiulinda ule wa barazani.

Usiku ule nilikuwa pale kwa sababu mhasibu wa chuo, ambacho sitakitaja, alinipigia Ijumaa jioni. "Fundi," alisema, "ukitafuta jina la chuo chetu Google kinatokea kitu cha aibu." Zilikuwa kurasa za kamari, kwa Kiindonesia, mamia kwa mamia, zote zikiwa chini ya anwani ya chuo. Ukiingia mwenyewe moja kwa moja huzioni, unaikuta tovuti ileile yenye salamu za mkuu wa chuo na ratiba ya mitihani. Zile mashine za Google zinazopita kusoma tovuti ndizo zilizokuwa zinaonyeshwa kamari. Mwizi alikuwa amekodisha jina zuri la chuo bila wenyewe kujua, kwa kuwa Google huziamini anwani za vyuo kuliko za wacheza kamari.

Nikalifuta lile faili. Nikasasisha plagini zote, nikabadilisha nywila ya msimamizi, nikaiomba Google isome tovuti upya. Jumamosi saa nne asubuhi nikampigia mhasibu kumwambia kazi imekwisha. Alinishukuru sana, akanilipa siku ileile, jambo ambalo kwa fani yetu si la kila siku.

Siku ya kumi na tisa akapiga tena. Kamari zilikuwa zimerudi.

Naandika haya kwa sababu kosa lile lilikuwa langu, na kwa sababu ninavyojua ndivyo wengi wetu tunavyofanya hadi leo, kutoka Dar hadi Mombasa hadi Goma. Mteja anataka tovuti yake irudi hewani. Fundi anataka kumpendeza mteja. Wote wawili wanaona faili moja baya na kuamini kwamba ugonjwa wote ndio huo. Tunaziba tundu na kusema tumesafisha nyumba. Sasa mwizi aliyekwisha kuingia, ukiziba tundu alilopitia, umemfungia ndani pamoja na watoto wako.

Kama kuna aliyekuwa na shaka juu ya tofauti ya kuziba tundu na kusafisha nyumba, mwaka 2021 uliimaliza. Machi 2 mwaka huo Microsoft ilitoa viraka vya dharura vya matundu manne ya Exchange, programu ya seva za barua pepe inayotumiwa na ofisi za kila aina duniani. Mtafiti wa kampuni ya DEVCORE ya Taiwan alikuwa amewapa taarifa tangu mwanzoni mwa Januari, na kampuni ya Volexity ya Marekani nayo ilikuwa imeona wateja wake wakisomewa barua zao kwa njia hiyo. Microsoft ilitaja kundi la wadukuzi iliyolipa jina la Hafnium, ikasema lina mkono wa dola ya China. Beijing ilikana.

Wezi waliokuwa wakinyata wakaanza kukimbia. Inaelekea walijua viraka vinakuja, kisha wakajua vimekuja, na kwamba kila seva ambayo haijazibwa leo huenda ikazibwa kesho, kwa hiyo ni afadhali kuacha mlango wa uani katika kila nyumba kwanza, mambo ya kuiba nini na kwa nani yatapangwa baadaye. Makundi mengine yakajiunga. Kampuni ya ESET ilihesabu yasiyopungua kumi, na kufikia Machi 10 ilikuwa imeona webu sheli katika seva zaidi ya 5,000, kwenye nchi zaidi ya 115. Mamlaka ya Benki ya Ulaya ilizima mfumo wake wa barua pepe. Bunge la Norway lilitangaza kwamba data zake zimechukuliwa. Kabla mwezi haujaisha wakaja na wateka mafaili, wale wanaofunga kila kitu kisha wanadai fedha ya kukufungulia.

Mafaili yenyewe yalikuwa madogo vilevile. Mengi yalikuwa ya ukoo wa China Chopper, webu sheli iliyojulikana tangu 2012, ambayo upande wake unaokaa kwenye seva ni mstari usiofika herufi mia. Mtu anaweza kuuandika kwa mkono huku anakunywa chai. Yalipewa majina ya kinyenyekevu, kama help.aspx, au healthcheck.aspx, jina ambalo msimamizi aliyechoka atalipita akidhani ni kifaa cha kupima afya ya seva.

Dunia ilihangaika kuziba, na ilifanya kazi kubwa. Machi 12 Microsoft ilisema bado kuna seva 82,000 hivi zisizo na kiraka. Siku kumi baadaye ikasema asilimia 92 zimewekewa kiraka au kinga. Nakumbuka wenzangu wakiipeana takwimu hiyo kama habari ya harusi. Ila kiraka kazi yake ni kuzuia anayekuja. Hakimtoi aliyeingia Februari. Seva iliyowekewa kiraka Machi 3 huku ina healthcheck.aspx la Februari 28 ilikuwa inaonekana salama kwa kila kipimo ambacho bosi angeomba kuonyeshwa, na mwizi alikuwa anaingia na kutoka kama mwenyeji.

Ndipo Aprili 13 Wizara ya Sheria ya Marekani ikatangaza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelizoea. Kwa kibali cha mahakama ya shirikisho ya Texas Kusini, FBI ilikuwa imezifikia mamia ya seva za watu na kampuni binafsi ndani ya nchi hiyo na kufuta webu sheli za kundi mojawapo. Waliingia kwa mlango uleule wa uani. Waliita kila webu sheli kwa njia ambayo mwizi angeiita, na kupitia kwayo wakaiamuru seva ilifute faili hilo. Wenye seva wengi walipaswa kupashwa habari baadaye, kwa barua pepe.

Nimejadiliana na watu wengi juu ya kitendo hicho. Rafiki yangu mmoja, wakili, hataki hata kukisikia. Anasema siku dola ikizoea kuingia nyumbani kwako kukufukuzia mwizi bila kubisha hodi, itakuja siku itaingia bila mwizi. Namwelewa, na kwa nchi zetu namwelewa zaidi. Sitaki kuona polisi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala wakipewa uwezo huo bila hakimu aliyesoma orodha ya seva na kuweka mipaka ya kinachofutwa. Lakini nikijiweka mahali pa wale watu wa FBI, na hakimu akiwepo, na orodha ikiwepo, na amri ikiwa ni ya kufuta faili moja lenye jina na mahali panapojulikana, nasema walifanya vizuri. Barua zilizokuwa zikisomwa ndani ya seva zile hazikuwa za wenye seva peke yao. Zilikuwa za wagonjwa, wateja, wazazi, watu ambao hawakuwahi kuulizwa kama wanaridhika seva ikae hivyo.

Kilichonigusa zaidi ni sentensi moja ndani ya tangazo lile, na ningependa kila fundi aijue. Wizara ilisema FBI haikuziba tundu lolote la Exchange, wala haikutafuta au kuondoa programu hasidi nyingine ambayo wadukuzi huenda waliiweka kwa kuitumia webu sheli hiyo. Serikali yenye wataalamu na mahakama na fedha ilikuwa na uaminifu wa kusema: tumefuta faili moja tu. Mimi, Jumamosi ile saa nne asubuhi, niliyefuta faili moja tu, nilisema kazi imekwisha.

Tuliporudi seva ya chuo mara ya pili nilikuwa na dada mmoja aliyenizidi uzoefu, na ndiye aliyenifundisha kutazama. Kabla sijagusa kitu alisema, "Usifute." Nikashangaa. Akatoa nakala ya diski nzima na ya logi, lile daftari ambalo seva huandika nani kaja, saa ngapi, kataka nini. Mimi mara ya kwanza nilikuwa nimefuta faili na kufuta logi zilizojaa, nikidhani nafanya usafi, na kwa kufanya hivyo nikafuta nyayo.

Tukakaa na logi zilizobaki. Mgeni wa kweli wa tovuti ya chuo ana tabia zake. Anatoka Google au WhatsApp, anafika ukurasa wa mbele, seva inampa picha na rangi na herufi za ukurasa huo, anabonyeza "Kozi Zetu", anabonyeza "Ada", anaondoka. Kila mgeni anaacha mistari thelathini, arobaini. Halafu kuna huyu mwingine. Hakutoka popote. Hakutaka picha wala ukurasa wa mbele. Alikwenda moja kwa moja kwenye faili moja ndani ya folda ya mwonekano wa tovuti, mahali ambapo hakuna kiungo chochote kinachoelekea, akatuma kitu badala ya kuomba kitu, akapotea. Mstari mmoja. Baada ya saa mbili, mstari mwingine, kwa anwani ya nchi nyingine. Hakuna binadamu mwingine aliyewahi kulitembelea faili hilo. "Faili linalotembelewa na mtu mmoja," yule dada alisema, "ni la mtu huyo."

Faili hilo lilikuwa na tarehe ya miaka mitatu nyuma, sawasawa na majirani zake wote. Hapa nilijifunza jambo la pili. Tarehe ya faili tunayoiona ni rahisi kuibadilisha, mwizi huirudisha nyuma kwa amri moja ili lichanganyike na la zamani. Lakini kwenye Linux kila faili lina zaidi ya tarehe moja, na ile inayoandikwa na mfumo wenyewe kila taarifa za faili zinapoguswa haibadiliki kwa amri za kawaida. Tuliposoma hiyo, faili la "miaka mitatu" lilikuwa na wiki saba. Tukatafuta mafaili yote yenye wiki saba. Yakatoka kumi na moja.

Kumi na moja! Moja lilikuwa ndani ya plagini halali, mistari minne imepachikwa katikati ya mistari mia sita ya watu waaminifu. Jingine lilikuwa nje ya tovuti kabisa, kwenye ratiba ya kazi ambazo seva hujifanyia yenyewe, na kazi yake ilikuwa kukagua kila saa kama yale mengine bado yapo na kurudisha lililofutwa. Ndani ya hifadhidata mlikuwa na msimamizi wa ziada ambaye hakuna aliyemjua chuoni. Kwenye folda ya siri ya seva mlikuwa na ufunguo wa kuingilia ambao haukuwa wa yeyote kati yetu. Nywila niliyoibadilisha kwa fahari Jumamosi ile mwizi alikuwa ameisoma dakika niliyoiandika, maana nilibadilisha kufuli yeye akiwa amekaa sebuleni.

Aliyewahi kuishi na kunguni anaelewa. Hakuna anayemuua kunguni mmoja aliyemwona kwenye shuka akalala usingizi. Unatoa kitanda nje, unafungua chaga moja moja, godoro juani, maji ya moto kwenye kila ufa, na chumba kinapakwa chokaa kabla kitanda hakijarudi. Seva ni hivyo. Yule dada hakutaka hata kujadili kuyafuta yale kumi na moja na kuendelea. "Haya ndiyo tuliyoyaona," alisema. Tukakodi seva mpya, tukaweka mfumo mpya kutoka kwa watengenezaji wenyewe, plagini mpya kutoka mahali pake halali, na kutoka seva ya zamani tukachukua vitu viwili tu, picha na maandishi. Picha tulizihakiki zote kuwa ni picha. Maandishi tuliyatoa ndani ya hifadhidata tukiyasoma, kwa sababu na humo mwizi huacha vipande. Kisha, baada ya nyumba kuwa safi, si kabla, tukabadilisha kila nywila, ya msimamizi, ya hifadhidata, ya barua pepe, ya akaunti ya hostingi yenyewe. Folda ya picha tukaifunga isiweze kuendesha programu ya aina yoyote. Ni mistari mitatu ya mipangilio. Ingekuwepo tangu mwanzo, faili la mahafali lingekaa pale milele kama barua isiyo na msomaji.

Iliyobaki ni ya kawaida na sitaichelewesha: bakapu inayokaa nje ya seva, programu inayopiga kelele faili likibadilika bila fundi kuligusa, masasisho kila wiki.

Ila kuna jambo moja siwezi kulipita haraka. Tulipotafuta mwizi alipitia wapi mara ya kwanza tulifika kwenye themu ya tovuti, ule mwonekano mzuri wenye picha zinazoteleza. Themu hiyo huuzwa dola hamsini, sitini. Aliyeijenga tovuti alikuwa ameipakua bure kutoka moja ya zile tovuti zinazogawa vitu vya kulipia vilivyovunjwa kufuli. Kwenye vitu hivyo mara nyingi webu sheli huja ikiwa imekwisha pachikwa, hahitajiki hata mdukuzi. Tunajua, sisi mafundi. Tunajua na tunaendelea, kwa sababu bajeti ya mteja ni ndogo na dola hamsini ni pesa ya kodi ya chumba. Nasema kwa uzito wote nilionao kwamba huku ni kumkabidhi mteja nyumba ambayo funguo zake zimechongwa nakala sokoni, na kumtoza pesa juu yake. Kama mteja hana dola hamsini, mjengee tovuti ya kawaida kwa themu ya bure ya halali. Zipo maelfu. Haitateleza, lakini itakuwa yake.

Na hostingi za pamoja nazo. Tunaweka tovuti kumi za wateja kumi kwenye akaunti moja ili kuokoa ada ya mwaka. Webu sheli ina nguvu zote za akaunti inayoiendesha, kwa hiyo mwizi akiingia kwenye tovuti ya saluni amekwisha ingia kwenye ya zahanati.

Watu hudhani haya ni mambo ya wadogo wasio na fedha. Mwaka 2017 Equifax ya Marekani, kampuni inayotunza historia za mikopo za watu, ilidukuliwa kupitia tundu la programu ya Apache Struts ambalo onyo lake lilikuwa limetolewa Machi. Wezi waliingia Mei 13, wakaweka webu sheli zipatazo 30, wakakaa siku 76, wakaondoka na taarifa za watu karibu milioni 147. Kampuni ilikuwa na kifaa cha kukagua mawasiliano yanayotoka na kuingia. Cheti cha kifaa hicho kilikuwa kimekwisha muda wake kwa miezi 19 na hakuna aliyekihuisha, hivyo kifaa kilikuwa kimewashwa na hakioni. Julai 29 wakakihuisha, na siku hiyohiyo wakaona. Ripoti ya Bunge la Marekani ya Desemba 2018 inayaeleza yote hayo, na sijasoma kitu cha kusikitisha kuliko hilo la cheti. Fedha hazikukosekana. Alikosekana mtu ambaye kazi yake ya Jumatatu asubuhi ni kuuliza kama jicho bado linaona.

Kwetu mtu huyo hayumo hata kwenye zabuni. Nimesoma zabuni nyingi za tovuti za taasisi za umma na binafsi. Zinataka muundo wa kuvutia, lugha mbili, ukurasa wa habari, picha za viongozi. Siku ya uzinduzi kuna keki. Baada ya hapo hakuna mstari wa bajeti wa mtu wa kufungua logi, na hakuna anayejua nywila ziko kwa nani tangu kijana aliyejenga alipopata kazi kwingine. Ningeomba jambo moja tu kwa wanaoandika zabuni: kata picha zinazoteleza, weka saa nne kila mwezi za mtu wa kutazama.

Kulikuwa na jioni nyingine ngumu kuliko ile ya mafaili kumi na moja. Seva ya chuo ilikuwa na fomu za kujiunga za miaka minne. Majina, namba za mtihani, namba za simu za wazazi, vyeti vya kuzaliwa vilivyopigwa picha. Mwenye webu sheli angeweza kuyasoma yote, na kwa kuwa nilifuta logi za mwanzo hatukuwa na namna ya kusema hakuyasoma. Tulikwenda ofisini kwa mkuu wa chuo, mama mtu mzima mwenye maneno machache. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamwambia na la logi.

"Sasa tovuti imepona?" akauliza.

"Imepona, mama. Lakini inabidi tuwaambie wanafunzi."

Akanyamaza. "Mwanangu, tukiwaambia, nani ataleta mtoto hapa mwakani?"

Sikumwona kama mtu mbaya. Aliuliza swali ambalo kila mwenye taasisi analo kifuani. Sheria inamjibu kwa upande wake: Kenya, tangu 2019, imeweka saa 72 za kumtaarifu Kamishna wa Data pale taarifa za watu zinapoingia mikononi mwa wasiohusika na kuwaweka hatarini, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake. Yule dada hakuitaja sheria. Alimwambia, "Mama, kuna mtu ana jina la mtoto, namba yake ya mtihani na simu ya baba yake. Akimpigia baba akasema napiga kutoka chuoni, ada ya mtihani imepungua, tuma kwa namba hii, baba atatuma."

Mama yule alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. Kisha akavuta karatasi na kuanza kuandika ujumbe kwa mkono wake. Ulikwenda kwa simu za wazazi na wanafunzi wote kesho yake asubuhi. Ulisema tovuti iliingiliwa, taarifa za fomu huenda zilisomwa, chuo hakipokei ada kwa namba ya mtu binafsi, na anayepigiwa simu ya namna hiyo apige namba ya ofisi. Walipiga wengi. Wengine walikuwa wakali sana, na mhasibu aliwasikiliza mmoja mmoja hadi jioni.

Seva mpya iliwashwa Alhamisi. Usiku wa kwanza nilikaa na logi zikipita mbele yangu. Wageni walikuja, "Kozi Zetu", "Ada", wakaondoka. Saa nane na dakika kumi usiku ukaja mstari mmoja peke yake, haukutoka popote, ukaenda moja kwa moja kwenye folda ya picha za mahafali ukiliita lile faili la kwanza kwa jina lake, herufi tatu, kistari, tarakimu nne. Seva ikajibu 404, hakuna kitu hicho. Baada ya saa mbili ukaja tena, kwa anwani nyingine.